Usipige Kiki Kwanza: Namna ya Kuiamsha Pikipiki Iliyolala

Shemeji yangu aliporudi Bweremana, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, kitu cha kwanza alichouliza baada ya salamu kilikuwa pikipiki yake. Jirani alikuwa ameificha kwenye chumba cha maharage, nyuma ya magunia, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyeigusa. Tuliitoa watu wanne. Tairi zimekaa chini, cheni imekuwa nyekundu kwa kutu, na juu ya tangi kuna vumbi jeusi ambalo ukilipitishia kidole linakwaruza. Watoto walishangilia. Shemeji akakipangusa kiti kwa kiganja, akafungua robine ya esansi, yaani petroli, akapanda, akapiga kiki.

Mara tano ikagoma. Mara ya sita ikawaka, ikanguruma kama dakika mbili, moshi ukajaa uwanja mzima, naye kwa furaha akazidi kuvuta gesi. Kisha tukasikia chuma kinakwaruza chuma. Injini ikanyamaza, na kiki haikushuka tena. Fundi alipoifungua alituita tuone: ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na kutu ya ukuta wa silinda. Zilipobanduliwa kwa nguvu zilikatika, na vipande vyake vikachimba mifereji ndani ya bloku. Pikipiki iliyovuka vita salama iliharibika mikononi mwa mwenyewe, uwanjani kwake, mchana kweupe.

Tangu siku ile nimeona nyingine kadhaa zikienda njia hiyohiyo, ndiyo maana naandika. Kulala peke yake huwa hakuiui pikipiki. Kinachoiua ni siku ya kuamshwa, na haraka ya mwenye nayo.

Wenye pikipiki za kuamshwa kwetu si wachache. Mapigano yalipokaribia Sake Februari 2024, watu wa Shasha, Kirotshe na milima ya juu walikimbia na vile walivyoweza kubeba. Januari 2025 vita vilipita Minova vikaingia Goma, na waliokuwa wamejificha kambini Bulengo na Lushagala wakajikuta njiani kwa mara nyingine, safari hii kurudi makwao. Pikipiki zilibaki parokiani, kwa majirani, nyuma ya kuta zilizojengwa usiku, nyingine zimevuliwa magurudumu ili zisimvutie mtu. Leo zinatolewa moja moja. Na huku pikipiki si anasa. Ndiyo inayomfikisha mama mwenye uchungu hospitali kuu ya Kirotshe usiku wa mvua, ndiyo inayoshusha viazi, maharage na jibini la Masisi hadi barabara kubwa. Ukiiharibu kwa papara, kijiji kizima kinalipa.

Tena nchi yetu ni kali kwa chuma kilichosimama. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na unyevu wake hupanda usiku na kuingia kila tundu. Juu ya hapo tuna volkano mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, ambazo moshi wake mara nyingi upepo huusukuma magharibi, yaani juu ya vichwa vyetu. Mvua inayopita ndani ya moshi ule hushuka na asidi. Kila mwenye bati huku anajua jinsi linavyotoboka kabla ya umri wake. Sasa fikiria kinachotokea kwenye ukuta wa silinda, ambao hauna rangi wala zinki ya kuukinga, una utando wa oili tu, na oili hiyo imeshatiririka chini tangu mwezi wa pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya mguu wako kugusa kiki, vua buji. Ndiyo plagi, kwa wanaosoma makala hii wakiwa Tanzania au Kenya. Safisha kwanza uchafu ulioizunguka usije ukaangukia ndani. Chukua oili safi ya injini, kijiko kimoja cha chai au viwili, uimimine taratibu kwenye tundu la buji. Ziba tundu kwa kitambaa safi, uende ukalale. Nasema ukalale kwa sababu oili inahitaji usiku mzima kutambaa pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye ringi. Injini ikiwa imelala zaidi ya mwaka, ipe siku mbili au tatu, na kila jioni ongeza matone.

Asubuhi simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, swichi ikiwa imezimwa, ingiza gia ya juu kabisa, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mikono. Polepole. Mkono una hisi ambayo mguu hauna: utaijua pistoni inapopanda, utajua ikiwa inateleza au inakwaruza. Ikikataa, usilazimishe. Rudisha gurudumu nyuma kidogo, mbele kidogo, ongeza oili iliyochanganywa na mazutu (dizeli) nusu kwa nusu, ngoja siku nyingine. Nimeona moja iliyokubali siku ya sita, na hadi leo inafanya kazi bila bloku mpya. Ila usikubali kamwe ushauri wa vijana wa kuivuta kwa gari au kuisukuma mteremkoni ikiwa imeshikana. Hapo unavunja kwa nguvu za gari kile ambacho ungekifungua kwa subira.

Gurudumu likizunguka bila shida, mwaga oili yote ya zamani kabla injini haijawaka hata mara moja. Oili iliyokaa ndani ina asidi iliyobaki kutokana na kuungua kwa esansi, na ina maji. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwa wingi, nawe usafishe mara mbili. Pikipiki nyingi tunazotumia, Boxer, TVS na nyingine za ukubwa wa 100 hadi 150, huchukua lita moja hivi, na unene unaofaa nchi yetu ni 20W-50, lakini tazama maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha injini yako. Ukishajaza mpya, na buji ikiwa bado nje, zungusha tena gurudumu mara thelathini au arobaini. Lengo ni pampu ipandishe oili hadi juu kwenye valvu. Vyuma vya juu ndivyo vinavyokauka kwanza, na ndivyo hulika dakika ya kwanza ya kuwaka.

Sasa tuje kwenye esansi, ambako wengi hupoteza wiki nzima wakilaumu umeme. Esansi huoza. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka kirahisi, huruka hewani ndani ya miezi michache, na kinachobaki hugeuka utomvu. Nusa tangi: esansi mpya inachoma pua, ya zamani inanuka kama vanishi ya seremala. Ikinuka vanishi, imwage yote. Usijidanganye kuichanganya na mpya ili usipate hasara. Na usiimwage ufukweni wala kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Watu wa Kirotshe wanachota maji pale pale. Hiyo mbovu iweke kwenye dumu lililofungwa, uitumie kuoshea cheni na vyuma vichafu, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu anayevuta sigara.

Tangi lenyewe limulike kwa tochi. Ukiona kutu nyekundu, kuna kazi. Siki ya kawaida inatosha: lijaze, liache siku nzima na usiku, kisha tia ndani nati za chuma na ulitikise kama anayepepeta mchele. Nimesema nati, sikusema changarawe zetu nyeusi. Changarawe za lava hupasuka na kuacha unga unaokata kama kioo, na unga huo utaukuta ndani ya kabureta. Hesabu nati zinazoingia, hesabu zinazotoka. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kausha juani siku hiyohiyo, na kabla kutu mpya haijaanza mwagia esansi iliyochanganywa na oili, ulizungushe tangi pande zote lipakike. Baadaye weka chujio dogo la plastiki angavu kwenye mpira unaotoka kwenye robine. Halina bei kubwa, nawe utauona uchafu kwa macho kabla haujafika pabaya.

Hapo ndipo unafungua kabureta, kazi ninayoipenda kuliko zote. Ya shemeji tuliifungua juu ya sahani nyeupe ya kulia, ili skrubu ndogo zisipotee kwenye majani. Bakuli la chini lilipotoka, ndani kulikuwa na kitu kama asali iliyoganda, rangi ya kahawia inayoelekea kijani, na pembeni chembe za kutu. Kuna vijiti viwili vya shaba vilivyopenya katikati, kimoja kikubwa kimoja kidogo, ambavyo mafundi wetu huviita jikleri. Kila kimoja kina tundu. Lile la kile kidogo ni jembamba kama unywele mnene, na esansi ya kuifanya injini ingurume polepole hupita humo peke yake. Nilikivua, nikakiinua kuelekea juani. Giza. Hakuna hata nukta ya mwanga.

Kosa kubwa hapa ni kuchomeka sindano au waya wa kebo ya breki. Chuma kigumu hupanua tundu la shaba, na tundu likishapanuka pikipiki itakunywa esansi maisha yake yote. Kiloweke kwenye esansi mpya usiku kucha. Kisha menya waya wa umeme wa nyumbani, toa uzi mmoja tu wa shaba, upitishe taratibu. Uzi wa shaba ni laini, hauumizi. Pulizia hewa ya pampu ya tairi kwenye kila njia ndani ya kabureta, hata zile usizojua zinakwenda wapi. Nilipokiinua mara ya pili juani, mwanga ukapita, duara safi kabisa. Shemeji alikishika yeye mwenyewe akatazama kwa muda mrefu.

Angalia pia boya kama linaelea, na sindano yake kama ncha haijalika. Skrubu ya hewa, kabla hujaifungua, ifunge kabisa ukihesabu ni mizunguko mingapi, uandike, ili uirudishe palepale. Wanaopanda na kushuka milima wajue hili: kabureta iliyopangwa kule chini Walikale mjini, ikifika nyanda za juu za Masisi ambako hewa ni nyepesi, itatoa moshi mweusi na injini itakuwa nzito. Hiyo si ajali wala ubovu. Ipange upya mahali utakapoitumia zaidi.

Ukiwa hapo, fungua nyumba ya chujio la hewa. Panya wanaipenda. Kwa shemeji tulikuta kiota kizima kimefumwa kwa maganda ya maharage na nyuzi za magunia, na injini ingekivuta chote. Chungulia pia bomba la moshi, kwa sababu nyigu wa udongo hujenga ndani ya ekzosi na hata kwenye kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi. Hicho cha tangi kikizibwa, pikipiki itazimika kila baada ya kilomita chache, nawe utabadilisha buji kumi bila kupata sababu.

Esansi mpya inunue kwa uangalifu. Wengi tunainunua kwa kadafi, wauzaji wa madumu wa kando ya barabara, na wako waaminifu miongoni mwao, lakini dumu limepita mikono mingi. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie: maji hushuka chini na kujitenga. Dondosha tone kwenye karatasi: esansi safi hukauka bila kuacha alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Umeme nitaupita haraka. Buji mpya ni rahisi kuliko kubahatisha na ya zamani, na nafasi ya ncha zake kwa pikipiki nyingi za aina hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Betri iliyolala mwaka mzima bila chaji mara nyingi imekufa. Ijaribu, lakini usiililie. Ukiamua kuichaji, ichaji polepole, kwa moja ya kumi ya uwezo wake, yaani betri ya ampea-saa 5 uipe nusu ampea. Chaja kubwa ya gari itaichemsha. Na maji ya kuongeza yawe yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri. Watu huku hutumia maji ya mvua wakiamini ni safi, ila mvua yetu imepita kwenye moshi wa volkano, na maji ya ziwa yamejaa madini. Yote mawili huua betri.

Kuna jambo moja ninalolishikilia hata watu wakinichukia: breki hushughulikiwa kabla ya injini kuwaka. Kijana akishasikia mngurumo hatakubali tena kuvua gurudumu, atataka kutoka. Basi yavue yote mawili mapema. Ndani ya breki za duara utakuta vumbi na kutu. Lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo, kwa sababu vumbi la baadhi ya breki za zamani lina asbesto na linaharibu mapafu. Sugua viatu vya breki kwa msasa, paka grisi kidogo sana kwenye ekseli ya kamu ili isikwame. Kebo zote zifungue juu, zining'inize wima, dondoshea oili hadi itokee upande wa chini. Mwenye breki ya diski abadilishe mafuta yake yote, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa, na atumie mafuta ya breki yenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini humo huvimbisha mipira, na breki itagoma siku utakayoihitaji.

Klachi nayo huganda. Sahani zake hushikana, ukaingiza gia pikipiki ikaruka mbele na wewe juu yake. Kabla ya kuwasha, ingiza gia ya pili, bana klachi, sukuma mbele na nyuma. Ikisogea kwa uhuru ni salama. Isiposogea endelea kuitikisa, na ikikataa kabisa fungua kifuniko uzitenganishe sahani kwa mkono.

Tairi zisome. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa na nyufa zinazoingiza kucha, usizibebee abiria kwenye mawe ya lava. Cheni iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue kwa brashi, ipake oili, na uiache na ulegevu wa vidole viwili hivi vya ulalo. Tafadhali usiipanguse kwa kitambaa huku injini inazunguka. Nawajua watu wawili waliopoteza vidole hivyo.

Wapo kati yenu wenye ile Yamaha AG 100 ya zamani, iliyokuwa ya manesi, mapadri na maafisa wa kilimo. Ni pikipiki iliyobuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand, cheni yake imefichwa ndani ya kasha, na ukiitunza itakushukuru. Lakini hiyo ni ya mapigo mawili, na kanuni zake ni tofauti. Krenki yake haiogelei kwenye oili, hulainishwa na oili inayochanganyika na esansi, kwa hiyo beringi zake hupata kutu kwa urahisi zaidi, na sili za pembeni hukauka. Sili zikikauka injini huvuta hewa isiyotakiwa na kuunguza pistoni, au huvuta oili ya gia na kutoa moshi mweupe usiokwisha. Usiiamini pampu yake ya oili siku ya kwanza, maana mipira yake huwa na hewa. Tangi la kwanza changanya mwenyewe oili ya mapigo mawili, mililita 40 kwa kila lita ya esansi, na uifungue pampu kutoa hewa hadi uone oili inatiririka bila mapovu. Oili ya kawaida ya injini haifai humo.

Ndipo tunapiga kiki. Funga choki, piga bila haraka. Ikiwaka, iache ingurume polepole dakika tano. Mkono wa gesi ukae mbali. Moshi wa bluu mwanzoni usikutishe, ni ile oili uliyoimimina kwenye silinda. Ukiendelea baada ya dakika ishirini, ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni choki iliyokwama au kabureta inayomwaga. Sikiliza upande wa juu wa injini: mlio wa tiki-tiki ni valvu zinazohitaji kupangwa injini ikiwa baridi, lakini mlio mzito wa nyundo ni amri ya kuzima palepale.

Safari ya kwanza iwe peke yako, bila gunia, bila abiria. Kutoka Kirotshe nenda kandokando ya ziwa, ambako barabara haipandi sana, urudi. Usianze na mlima wa Mushaki. Ukirudi gusa vitovu vya magurudumu: kikiwa cha moto sana, breki imekwama. Kaza spoki, kaza nati, na baada ya kilomita mia moja au mia mbili mwaga tena oili, kwa sababu hiyo ya kwanza imeosha uchafu wa mwaka mzima. Pesa zikiwa chache, zianze kwenye breki, tairi na cheni. Rangi na vioo vya kung'aa vitasubiri.

Ukiletewa ya kununua, au wewe fundi ukiletewa ya kuamsha, soma namba ya chesi uulize mwenyewe ni nani. Pikipiki nyingi ziliporwa katika miaka hii ya vita. Kuna mtu anayeitafuta yake hadi leo, na fundi akiifuta namba ile kwa jiwe la kunolea, anamnyang'anya mara ya pili.

Limebaki jambo moja, na naomba ulifanye leo, pikipiki yako ikiwa nzima. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Ukifunga robine na kuifungua skrubu hiyo, esansi yote iliyomo kwenye kabureta inatoka, na hakuna utomvu utakaoganda humo hata ukikaa mbali mwaka. Kisha chomoa waya hasi wa betri, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la buji, ziba bomba la moshi kwa mfuko wa plastiki. Yote hayo ni robo saa, na skrubu peke yake ni dakika mbili. Mwonyeshe mke wako ilipo, mwonyeshe mtoto mkubwa, mwonyeshe na jirani atakayebaki. Shemeji yangu alilipa bloku mpya, pistoni na ringi. Siku alipokimbia hakujua habari ya kijiko kile cha oili, wala kama skrubu ile ipo.